Risasi ya Sarajevo, Mizigo ya Kariakoo

Mimi ni mtoto wa Kariakoo. Nimezaliwa na kukulia katika nyumba ya vyumba sita karibu na Mtaa wa Mkunguni, katikati ya kelele za wapiga debe, makuli na wauza mitumba, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza jina Kariakoo lilitoka wapi. Kwetu Kariakoo ni Kariakoo, kama chumvi ilivyo chumvi. Ndugu msomaji, usinicheke. Ilinibidi nipande ndege hadi Ulaya, kwenye mji mmoja uliozungukwa na milima, ndipo nilijue jina la mtaa wangu mwenyewe.

Mambo yalianza hivi. Mwaka 2023 kikundi chetu cha ngoma na maigizo kilialikwa kwenye tamasha la vijana huko Bosnia. Mimi si mchezaji. Mimi ndiye ninayeandika michezo na kubeba ngoma, kazi mbili ambazo kwenye vikundi vya uswahilini huenda pamoja. Shule niliishia kidato cha nne, na ndoto yangu ni kuandika riwaya, ingawa kila nikiitaja ndoto hiyo kijiweni washikaji wananiuliza riwaya inaliwa na mchuzi gani. Tulipoambiwa kwamba mji tunaokwenda unaitwa Sarajevo, nilishtuka. Jina hilo nililijua. Nilipokuwa kidato cha tatu mwalimu wa historia aliliandika ubaoni: sababu ya karibu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwenye mtihani swali lake lilikuwa la alama moja, nami niliipata. Lakini kupata alama na kujua kitu ni mambo mawili tofauti kabisa.

Maonyesho yetu yalipokwisha tulibakiwa na siku tatu kabla ya safari ya kurudi. Wenzangu wakaenda kutafuta viatu vya bei nafuu. Mimi nikachukua daftari, nikaingia mitaani.

MJI WENYE SAA YA KISWAHILI

Sarajevo umelala kwenye bonde jembamba, mto Miljacka ukipita katikati. Mto wenyewe si wa kutisha, wakati wa kiangazi mtoto anaweza kuuvuka bila kulowa shati. Popote unaposimama, ukiinua macho unaona mlima. Upande wa mashariki ni mji wa kale, Baščaršija, uliojengwa Waturuki walipotawala kuanzia karne ya 15. Humo kuna vijia vya mawe, maduka ya mbao yaliyobanana kama ya Mtaa wa Kongo, na mafundi wa shaba wa Kazandžiluk wanaogonga nyundo kutwa nzima. Ukitembea dakika chache kuelekea magharibi, ghafla mawe yanabadilika. Majumba yanakuwa marefu, yenye nakshi za Kizungu, kwa kuwa mwaka 1878 Dola ya Austria-Hungaria iliichukua nchi ile, na mwaka 1908 ikaitwaa rasmi kuwa yake. Wakubwa hao wapya ndio walioleta tramu. Za umeme zilianza mwaka 1895, na mpaka leo tramu zinapita palepale zikilialia kwenye kona.

Jambo lililonivutia ni jinsi watu walivyosogeleana. Msikiti wa Gazi Husrev-beg, uliojengwa karne ya 16, kanisa la Waorthodoksi, kanisa kuu la Wakatoliki na sinagogi la kale, vyote unaviona kwa matembezi ya robo saa. Jioni mji mzima uko nje. Vijana wanakaa na kikombe kimoja cha kahawa mpaka usiku. Chakula cha mjini ni ćevapi, vijipande vya nyama ya kusaga vilivyochomwa kama mishikaki isiyo na kijiti, ndani ya mkate wa duara na vitunguu vibichi juu yake. Nilikula siku zote tatu, sikujuta hata siku moja.

Sasa sikia maajabu. Nilikaa kwenye mkahawa mdogo wa mzee mmoja, sharubu nyeupe, akanikaribisha kwa neno moja, "Merhaba." Nikabaki nimeduwaa. Sikuwa nimemwamkia shikamoo, mbona ananijibu? Akaleta kahva. Kahawa! Duka lake analiita dućan. Sanduku ni sanduk. Mgeni aliyetoka mbali ni musafir. Maneno yaliyotoka Uarabuni na Uajemi yalipanda na Waturuki mpaka kwenye milima ya Bosnia, na mengine yakashuka na majahazi mpaka pwani yetu, nasi tukakutana nayo mezani juu ya kikombe cha kahawa chungu.

Mzee alipoona nayafurahia maneno hayo akaninyooshea kidole mnara wa saa ulio karibu na msikiti. "Soma," akaniambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Simu yangu ilionyesha saa mbili na robo usiku, jua ndiyo kwanza linazama. Saa ya mnara ilionyesha kumi na mbili kamili! Ndugu msomaji, mnara ule unahesabu saa kuanzia machweo, jua linapozama ni kumi na mbili, na kuna mtu maalumu kazi yake ni kuirekebisha saa kwa kufuata jua. Watalii waliokuwa pembeni walikuwa wakipiga picha na kushangaa. Mimi peke yangu niliisoma bila kufundishwa, kwa sababu ndiyo saa ninayoijua tangu utotoni. Nikajiona mwenyeji. Laiti kila kitu cha mji ule kingekuwa rahisi kusomeka namna hiyo.

KONA YA DARAJA

Siku ya pili nilikwenda kwenye Daraja la Walatini. Ni daraja la mawe, fupi, ungelipita bila kuligeukia. Upande wa pili wa barabara kuna jengo la kona ambalo sasa ni makumbusho. Zamani chini yake palikuwa na duka la vyakula la Schiller. Hapo ndipo dunia ilipopasuka.

Jumapili ya tarehe 28 Juni 1914, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alikuja Sarajevo na mkewe Sophie. Njiani, kando ya mto, vijana kadhaa walikuwa wamejipanga wakimsubiri na mabomu na bastola. Walitaka Waslavi wa Bosnia watoke kwenye mikono ya Austria. Saa nne na kitu asubuhi mmoja wao, Nedeljko Čabrinović, mpanga herufi wa kiwanda cha uchapaji, akarusha bomu. Likaikosa gari ya mkubwa na kuwajeruhi watu wa gari la nyuma na watazamaji. Čabrinović akameza sumu, akaruka mtoni. Sumu haikumuua, na mto, kama nilivyokwambia, ulikuwa wa magotini. Akakamatwa.

Mkubwa akaendelea mpaka ukumbi wa mji, akasikiliza hotuba huku amekasirika, kisha akaamua kwenda hospitali kuwatazama majeruhi. Njia ikabadilishwa. Lakini dereva, Leopold Lojka, hakuelezwa vizuri. Alipofika kwenye kona ya daraja akakata kulia kama ilivyopangwa mwanzo. Akapigiwa kelele kwamba amekosea, akafunga breki. Gari likasimama mbele ya duka la Schiller, na hatua chache tu kutoka hapo alikuwa amesimama kijana aitwaye Gavrilo Princip. Akafyatua risasi mbili. Saa tano haijafika, mume na mke wote wawili walikuwa wanakufa.

Kilichonigusa zaidi ni huyo Princip. Alikuwa na miaka 19. Mtoto wa wakulima maskini, mwanafunzi wa sekondari, mwembamba, mpenda vitabu. Mwaka 1912 alitaka kujiunga na wapiganaji wa Serbia, wakamkataa kwa udogo wa mwili wake. Kwa kuwa hakuwa ametimiza miaka 20 sheria haikuruhusu anyongwe, akafungwa miaka 20, na kifua kikuu kikamuua gerezani Aprili 1918, vita havijaisha. Nilijiuliza maswali mengi nikiwa pale. Mimi nina miaka 24, nami ni mwembamba, nami napenda vitabu. Kijana wa namna yangu anapokuwa na hasira na dunia, kati ya kalamu na bastola anachagua nini, na nani anayemsaidia kuchagua?

Tusidanganyane, si yeye peke yake aliyeleta vita. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wamekwisha jaza maghala ya silaha na kufungana kwa mikataba, kama nyumba za makuti zilizoshikana paa. Yeye aliwasha kiberiti, makuti hayakuwa yake. Ila mji wenyewe mpaka leo haujaamua amwite nani. Mwaka 1917 Waustria walijenga hapo mnara wa kumlilia mrithi wao. Vita vilipokwisha ukabomolewa. Mwaka 1930 likawekwa bamba la kumsifu Princip. Mwaka 1941 Wajerumani wakaling'oa, Hitler akapelekewa kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Enzi za Yugoslavia Princip akawa shujaa tena, daraja likaitwa kwa jina lake, na alama za nyayo zikachorwa kwenye saruji ili mtalii asimame aliposimama yeye. Miaka ya 1990 nyayo zikaondolewa na daraja likarudia jina lake la zamani. Bamba la sasa linataja tu tukio na tarehe, halisifu wala halilaani.

Kijana mmoja wa pale, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa mwenyeji wetu kwenye tamasha, alinieleza hayo yote kituo kwa kituo kama mtu anayehesabu ndugu zake. Alipomaliza akaniuliza, "Na kwenu je? Vita hivyo vilifika?"

Nikamjibu, "Sidhani. Vilikuwa vita vya Wazungu."

Akanitazama kwa mshangao. "Una uhakika?"

Sikuwa na uhakika. Na usiku ule sikulala.

JINA LA MTAA WANGU

Nililala kitandani na simu mkononi nikisoma mpaka macho yakauma. Kumbe! Kutoka siku ya risasi ya Sarajevo mpaka siku ambayo manowari ya Uingereza, Astraea, ilipoushambulia kwa mizinga mji wa Dar es Salaam ikiulenga mtambo wa simu za upepo, tarehe 8 Agosti 1914, zilipita siku 41 tu. Siku 41! Kifurushi kilichotumwa kwa meli kingechelewa kuliko hapo. Novemba mwaka huohuo watu wanakufa Tanga. Vita vikazunguka nchi nzima kwa miaka minne, kwa maana jemadari wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, hakutaka kushinda bali kuwashughulisha Waingereza, na hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Ulaya walikuwa wamekwisha nyamaza tangu tarehe 11.

Jeshi linatembea kwa tumbo. Chakula, risasi, mahema, dawa, vyote vilihitaji kubebwa. Reli zilikuwa chache, na farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo. Basi akabebeshwa binadamu. Mtu alitwishwa mzigo wa kilo ishirini na kitu kichwani, akatembea siku hadi siku porini, na sehemu ya chakula alichobeba ilikuwa ya kumlisha yeye mwenyewe na mwenzake wa nyuma, hivyo kadiri safari ilivyorefuka ndivyo watu zaidi walivyohitajika. Walipewa unga ambao wengi hawakuuzoea, ukapikwa haraka na ukatoka mbichi. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu vikawamaliza kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanahistoria wanakadiria kwamba karibu wapagazi laki moja walikufa. Kwa upande wa Wajerumani wapagazi walikamatwa vijijini pia, na orodha hata ya kukisia ni ngumu kuipata.

Waingereza waliwaita wapagazi wao Carrier Corps. Walipouchukua mji wa Dar es Salaam Septemba 1916 waliwaweka kambini kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Carrier Corps. Litamke haraka, kwa ulimi wa mtu ambaye hakusoma Kiingereza. Karia Koo. Kariakoo. Nairobi nako ni hivyohivyo, wao wanaita Kariokor.

Nikakaa kitako. Nje tramu ya mwisho ilikuwa inapita. Nilifikiria wale makuli wa kwetu wanaopita na marobota kichwani wakipiga kelele "mzigo huo, mzigo huo," na mimi tangu utoto nawapisha bila kuwatazama usoni. Jina la mahali lilikuwa limeniambia kila siku, nami sikulisikia.

Halafu nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, anakaa kijijini upande wa kusini wa milima ya Uluguru. Nilipokuwa mdogo, likizo, alizoea kumtaja mtu mmoja aliyemwita "babu aliyekwenda." Alikwenda wapi? Alikwenda na vita. Vita gani? Vya Wazungu. Siku moja alianza kunisimulia, mimi nikamkatisha kwa sababu kulikuwa na mpira kwenye kibanda cha video. Nakumbuka nilimwambia, "Bibi, utaniambia kesho." Miaka ikapita. Mimi, mtu ninayejiita mwandishi.

JUU YA TREBEVIĆ

Siku ya mwisho nilipanda mlima Trebević. Ulio juu kabisa wa kilele chake una mita 1,629, mdogo ukilinganisha na Kilimanjaro yetu, lakini uko shingoni kwa mji. Unapanda kwa kibanda cha kioo kinachoning'inia kwenye waya. Waya wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1959, vita vya miaka ya 1990 vikauharibu, na watu wakasubiri mpaka Aprili 2018 kuupanda tena. Nyumba zinashuka chini yako, misonobari inapanda, hewa inabadilika na kuwa ya Lushoto.

Juu kule kuna mfereji wa zege unaojipinda msituni kama chatu. Ni njia iliyojengwa kwa mashindano ya kuteleza kwa vigari vya barafuni katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Februari 1984. Mwaka huo mji ulikuwa nyota ya dunia. Wanaume walishindana kwenye mlima Bjelašnica, wanawake Jahorina, waruka juu Igman. Hata Afrika ilikuwepo, maana Lamine Guèye wa Senegal aliteleza kwenye theluji ya Bjelašnica. Miaka minane baadaye mfereji huohuo ukawa ngome ya wapiga mizinga. Leo vijana wameupaka rangi na maandishi mwanzo hadi mwisho, na watalii wanatembea ndani yake wakila aiskrimu.

Nilisimama ukingoni nikatazama chini. Hapo ndipo nilipouelewa mji ule. Sarajevo uko ndani ya sufuria, na aliyeshika ukingo wa sufuria ndiye aliyeshika roho za walio ndani. Kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996, siku 1,425, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliuzingira mji kutoka milimani. Watu zaidi ya 11,000 waliuawa. Chakula na dawa vilipita kwenye handaki la mita kama 800 lililochimbwa chini ya uwanja wa ndege mwaka 1993, na watu walipita wameinama, mizigo mgongoni. Nilipolisikia hilo la mizigo, moyo uliruka. Kumbe vita popote vilipo vinahitaji mgongo wa mtu.

Kwenye soko la Markale, soko la mboga kama letu, kombora moja la Februari 1994 liliua watu 68, na mwaka uliofuata mashambulizi mengine yakaua 43. Majina yao yameandikwa ukutani, na mama mmoja alikuwa anauza nyanya kando yake. Mitaani, mashimo mengine ya makombora yamejazwa rangi nyekundu, wanayaita mawaridi. Ukumbi ule wa mji aliotokea Franz Ferdinand siku ya kufa kwake baadaye ulikuwa Maktaba ya Taifa. Agosti 1992 ulichomwa kwa makombora, vitabu na hati zaidi ya milioni vikateketea, na majivu ya karatasi yakaanguka juu ya mji. Umejengwa upya na kufunguliwa Mei 2014.

Na zile nyundo za wafua shaba nilizokwambia? Siku hizi baadhi yao wanatengeneza kalamu kwa maganda ya risasi. Niliishika moja mkononi, nzito, imenakshiwa vizuri. Nilitamani. Lakini bei yake ilikuwa sawa na chakula cha jioni, na nitakuwa mkweli kwako msomaji, nilichagua ćevapi.

Jambo moja ndilo nililoondoka nalo. Mji ule umeteseka sana, lakini unajua. Unajua saa, unajua kona, unajua jina la dereva na jina la mwenye duka. Wafu wake wana ukuta. Sisi je? Pale Mtaa wa Samora tuna Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927, ameshika bunduki. Mpagazi hana sanamu yake hapo. Yapo makaburi ya vita Dar es Salaam, mawe yamenyooka, nyasi zimekatwa, majina yamechongwa. Lakini mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kumbukumbu kubwa waliyo nayo wapagazi hapa mjini ni jina la soko, na sisi wenye soko hatulijui maana yake.

WAKATI WA KUPALILIA

Niliporudi sikukaa mjini wiki mbili. Nikapanda basi mpaka Morogoro, nikaunga gari la kwenda upande wa pili wa mlima. Nimeiona Uluguru tangu utoto, lakini safari hii niliitazama kwa macho ya Trebević. Agosti 1916 Waingereza waliingia Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milima hii kuelekea Kisaki, na katikati ya majeshi hayo mawili walikuwa watu na mashamba yao.

Bibi nilimkuta barazani, anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Ulaya kote huko hawakukupa hata nyama ya mwili?"

Tukacheka. Nikakaa chini, nikatoa daftari, nikamwomba anisimulie habari ya babu aliyekwenda. Alinitazama muda mrefu. Ana miaka 86 sasa, na kumbukumbu yake inakuja na kuondoka kama mtandao wa simu wa kule kijijini.

"Aliitwa nani, bibi?"

"Baba yangu alimwita baba. Mimi nikamwita babu. Nani anamuuliza jina mtu ambaye hayupo?"

"Na baba yako je? Jina la baba yake hakulitumia?"

"Alibatizwa misheni, akapewa jina la padri. La zamani likaachwa huko huko."

"Alichukuliwa na Wajerumani au Waingereza?"

"Walikuwa na bunduki," akasema bibi.

Nikadhani yamekwisha. Nikafunga daftari. Ndipo aliposema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Ilikuwa wakati wa kupalilia. Baba yangu alikuwa mtoto wa mgongoni. Mama yake alimpelekea mumewe uji shambani, akakuta jembe. Jembe tu, limelazwa kwenye mstari, nusu imepaliliwa na nusu bado."

"Halafu?"

"Halafu akamalizia kupalilia. Angefanya nini?"

Nililiandika hilo neno kwa neno, mkono unatetemeka. Nikajaribu kufanya kama yule kijana wa Sarajevo, kupanga tarehe. Palizi ya masika ya 1916, Uluguru ilikuwa bado mikononi mwa Mjerumani. Palizi ya 1917, ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, na huo ndio mwaka walipokamata wapagazi kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Kama ni hivi, alibebeshwa mzigo wa bendera ile. Kama ni vile, wa bendera hii, na huenda alipita kwenye kambi iliyoupa mtaa wangu jina, akalala juu ya ardhi ninayolala mimi. Kwa lile jembe lililolala shambani, ni mamoja.

Mauaji ya Sarajevo yana tarehe, yana saa, yana kona, na gari lenyewe lipo makumbusho huko Vienna. Kifo cha babu aliyekwenda kina neno moja tu, wakati wa kupalilia. Lakini jana hakikuwa hata na hilo, na leo limo kwenye daftari langu.

Vijana wenzangu mnaosoma kurasa hizi, nyinyi mnaolala na ndoto ya kuandika kama mimi, najua tunatafuta visa vikubwa vya kuandikia riwaya, vya majuu, vya mapenzi na majambazi. Si vibaya. Ila kabla ya hapo nendeni mkawaulize bibi zenu na babu zenu, nanyi msiwakatishe kwa sababu ya mpira. Ulizeni jina la mtaa wenu limetoka wapi. Na siku ukipita Kariakoo ukasikia nyuma yako mtu anapiga kelele "mzigo huo," mpishe, lakini geuka kidogo umtazame usoni.

Mimi mwezi ujao narudi tena kwa bibi. Kuna kitu nilisahau kumuuliza. Nataka kujua lile jembe lilikwenda wapi.